Schnuffi Hamsemi Mtu: Kuelewa Ubwege katika Majarida ya Tashtiti ya Ujerumani

Julai 2000, usiku wa kuamkia kura ya FIFA mjini Zürich, wajumbe kadhaa waliokuwa wamepumzika hotelini waliletewa faksi. Mtumaji aliwaomba waichague Ujerumani iandae Kombe la Dunia la 2006. Akiwashukuru, angewapa paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi kutoka Msitu Mweusi, na saa ya ukutani, ile ambayo kindege hutokeza kila saa inapogonga na kulia. Kesho yake Ujerumani ilishinda kwa kura 12 dhidi ya 11. Nchi iliyokosa kwa tofauti ya kura moja ni Afrika Kusini. Mjumbe wa New Zealand, Charles Dempsey, ambaye shirikisho lake la Oceania lilimtaka aipigie Afrika Kusini, hakupiga kura.

Aliyetuma faksi hizo ni Martin Sonneborn wa Titanic, jarida la tashtiti linalotoka Frankfurt.

Habari hii nimeletewa kwenye simu mara nyingi, na kila ikija naona watu wakikwama mahali pawili. Kwanza wanadhani faksi ile peke yake ndiyo iliyoinyang'anya Afrika kombe. Dempsey alieleza kwamba usiku ule alibanwa kutoka pande nyingi, na faksi ilikuwa sehemu moja ya mbinyo huo. Hata angepiga kura, hesabu ingekuwa 12 kwa 12, na uamuzi ungebaki kwa rais wa FIFA wa wakati huo, Sepp Blatter. Hapo panaeleweka haraka. Pagumu ni pa pili. Mtu akishasoma habari ya faksi hutaka kujua hao waliofanya vile ni watu gani. Anatafuta michoro yao na ya waliowatangulia, anakuta mnyama wa kuchorwa anaongea mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Hakuna waziri, hakuna rushwa, hakuna kanisa. Anauliza, "Sasa hapa wanamsema nani?"

Hawamsemi mtu. Mkanganyiko wote umeanzia kwenye swali hilo, kwa hiyo tuanze na majina ya vitu.

Tashtiti ni sanaa ya kuchekesha yenye shabaha. Kuna mtu au jambo linalolengwa, na kicheko ndicho mshale. Gado akimchora rais, au Masoud Kipanya akimtuma kile kipanya chake kwenye jambo la siku hiyo, msomaji anajua nani anapigwa na kwa nini. Kejeli na kinaya ni zana za kazi hiyo: unasema "hongera sana" kwa aliyeharibu. Ubwege ni kitu kingine. Mtaani bwege ni mtu mjinga, na kumwita mtu hivyo ni tusi. Lakini wataalamu wa fasihi ya Kiswahili wamelichukua neno hilo na kulipa kazi ya heshima: ubwege ni sanaa inayovunja mantiki kwa makusudi, bila kuahidi kwamba mwishoni kuna fumbo la kufumbuliwa. Aliyesoma fasihi shuleni huenda amekutana na tamthilia za kibwege. Wajerumani nao wana maneno mawili. Unsinn ni upuuzi wowote, hata wa mtoto anayerusha chakula. Nonsens ni upuuzi uliotungwa kwa ustadi. Hilo la pili ndilo tunalolizungumzia.

Njia rahisi ya kuona tofauti ni kuchora. Tuchukue vijisanduku vinne. Katika cha kwanza, kiti kinapanda daladala. Katika cha pili, konda anakigonga bega: "Kaka, nauli." Kiti kinajibu, "Mimi mwanafunzi." Katika cha tatu konda anataka kitambulisho, kiti kinatoa, konda anakitazama kwa makini. Kwenye kitambulisho kuna picha ya ubao. Katika cha nne konda anasema, "Mbona hamfanani?" na kiti kinajibu, "Hapo nilikuwa bado nasoma."

Tazama kilichofanyika. Kitu kimoja tu kimeenda kombo: kiti kimepanda gari. Mengine yote yamefuata sheria. Konda ni konda wa kweli, mwanafunzi ana nauli yake, kitambulisho ni lazima kikaguliwe, na mtu hubadilika sura akikua, kama ubao unavyokuja kuwa kiti. Hakuna anayeshangaa. Kama konda angepiga kelele "Jamani, kiti kinaongea!" mchezo ungekufa papo hapo. Ubwege unataka nidhamu kali kuliko hadithi ya kawaida, kwa sababu ukishavunja sheria moja, msomaji anazishikilia zilizobaki kwa mikono miwili, na ukizivunja zote anabaki hana pa kusimama.

Sasa mwonyeshe mtu mchoro huo, na wengi watasema: "Aa, nimeelewa, ni kiti cha ubunge! Wabunge hawalipi nauli!" Kiswahili chetu kinamsukuma huko, maana kiti kwetu ni cheo. Ni usomaji wa akili, lakini umegeuza ubwege kuwa tashtiti. Umempa mshale mtu aliyekuwa anacheza. Hakuna kosa la jinai hapo. Ila ubao wa kwenye kitambulisho umebaki hauna kazi, na mimi naona ubao ndio uliokuwa mzuri kuliko vyote.

Turudi kwa yule mnyama. Jina lake ni Schnuffi, na mchoraji wake ni Robert Gernhardt. Jina lenyewe linatokana na kunusanusa, na ni la aina ambayo Mjerumani angempa mdoli wa manyoya au mpenzi wake wakiwa wawili ndani. (Asichanganywe na Schnuffel, sungura wa kompyuta aliyevuma zaidi ya miaka arobaini baadaye kwa milio ya simu na wimbo wake wa mahaba.) Schnuffi aliishi ndani ya jarida Pardon, lililoanza Frankfurt mwaka 1962 na ambalo nembo yake ilikuwa kishetani kinachovua kofia kusalimia. Kuanzia 1964 hadi 1976 Pardon lilikuwa na kurasa zake za pekee zilizoitwa Welt im Spiegel, yaani "Dunia katika Kioo". Watengenezaji walikuwa watatu: Gernhardt, F. K. Waechter na F. W. Bernstein.

Kurasa hizo zilijifanya gazeti. Zilikuwa na kichwa cha gazeti, habari, picha zenye maelezo na vibonzo, vyote vikiwa na sura ileile ambayo Mjerumani wa wakati huo aliizoea asubuhi akinywa kahawa. Kilichokosekana ni habari zenyewe. Maelezo yalikwenda upande, picha upande. Ndani ya gazeti hilo tupu Schnuffi alipata visa vyake, na mwaka 1986 visa hivyo vikakusanywa katika kitabu kilichoitwa Schnuffis sämtliche Abenteuer, "Matukio Yote ya Schnuffi". Neno hilo sämtliche, "yote kwa ukamilifu wake", ndilo wachapishaji wa Kijerumani wanalolitia kwenye majalada ya Goethe na Schiller. Mnyama wa kibonzo amewekwa kwenye rafu ya mababu wa fasihi, na jalada halikonyezi jicho. Ni mchezo uleule wa konda na kiti: jambo moja kombo, mengine yote kwa heshima zake.

Watu huuliza kwa nini jambo hili likastawi Ujerumani, nchi ambayo sifa yake nje ni mashine na ratiba. Dhana ya kwamba Mjerumani hajui kucheka nimeisikia hata kwa watu walioishi huko. Mimi naiona imekosea mlango. Ratiba ni shamba zuri la ubwege. Pale ambapo kila jambo lina fomu, cheo na salamu yake, ukiingiza kitu kimoja kisichofaa kinaonekana kutoka mbali. Loriot, mchekeshaji aliyependwa kuliko wengi nchini humo, ana mchezo wa mwishoni mwa miaka ya 1970 ambamo waungwana wawili wasiojuana wamejikuta uchi katika bafu moja la hoteli. Hawagombani kwa sababu ya uchi. Wanagombea kama bata wa plastiki aingie majini au asiingie, na muda wote wanaitana kwa vyeo, Bwana Daktari huku, Bwana fulani kule. Adabu haijapungua hata nukta. Ukiondoa adabu, wamebaki watu wawili na bata.

Kuna sababu nyingine, na hii ni maoni yangu. Gernhardt alizaliwa 1937 Tallinn, Waechter mwaka huohuo Danzig. Wote wawili walikuwa watoto wa vita, na mwaka 1945 familia zao zilikimbia kuelekea magharibi. Walikulia katika nchi ambayo maneno makubwa, taifa, damu, wajibu, sadaka, yalikuwa yametumika kuua mamilioni ya watu. Kurasa za Welt im Spiegel zilipoanza 1964, katika mji uleule wa Frankfurt kesi ya walinzi na maofisa wa kambi ya Auschwitz ilikuwa inaendelea mahakamani. Ilianza Desemba 1963 ikamalizika Agosti 1965. Sisemi Schnuffi anaizungumzia Auschwitz. Haizungumzii, na kumlazimisha itakuwa kumtia tena maneno makubwa mdomoni. Nasema tu kwamba kwa kijana wa kizazi kile, sentensi isiyomtaka mtu aamini chochote wala kumtii yeyote ilikuwa na hewa ndani yake.

Hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1905 Christian Morgenstern alitoa Galgenlieder, kitabu cha mashairi ambacho Wajerumani wengi bado wanakijua kwa moyo. Shairi moja linamhusu kicheche aliyekaa juu ya kokoto katikati ya kijito. Kwa nini akae pale? Kwa Kijerumani kicheche ni Wiesel na kokoto ni Kiesel, na shairi linaeleza kwamba mnyama yule mwerevu alifanya hivyo kwa ajili ya vina. Msomaji aliyelelewa kwenye utenzi na shairi la arudhi atalipokea hili haraka kuliko Wazungu wengi. Tunajua vina vina nguvu ya kumvuta mshairi mahali asipokusudia kwenda. Morgenstern amemhamishia nguvu hiyo mnyama, akamfanya akae kwenye jiwe baridi ili ubeti ukae sawa. Katika kitabu hichohicho kuna wimbo wa usiku wa samaki usio na neno hata moja. Ni alama za mizani tu, vistari na vikombe vidogo, mstari chini ya mstari, kama mdomo unaofunguka na kufumba majini.

Miaka 11 baadaye, mwaka 1916, Ulaya ikiwa katikati ya vita, wasanii waliokimbilia Zürich wakaanzisha harakati ya sanaa waliyoiita Dada, na Hugo Ball akasimama jukwaani kusoma mashairi ya sauti tupu, yasiyo ya lugha yoyote. Walikuwa na hasira ambayo Morgenstern hakuwa nayo. Schnuffi yuko karibu zaidi na kicheche kuliko na Dada.

Wala mtu asidhani ubwege ni kitu cha kuletewa na meli. Bibi akisema "Paukwa!" na sisi "Pakawa!", alifuatiza nini? Kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwanasiti, kijino kama chikichi, cha kujengea kikuta, na vilango vya kupita. Soma polepole. Jino dogo kama kokwa la mchikichi, na jino hilo ni la kujengea ukuta, na ukuta una milango. Hakuna mtoto aliyewahi kunyanyua mkono akauliza maana. Tulijua tumeshavushwa, tumetoka kwenye sebule tumeingia kwenye hadithi. Swali la "hapa wanamsema nani?" tulilipata baadaye, shuleni, pale mtihani ulipotutaka tutaje dhamira tano na kila moja iwe na mfano.

Kosa lingine la kawaida linakwenda upande wa pili: kudhani kwamba kwa kuwa ubwege hauna fumbo, basi ni mwepesi na ni wa watoto. Jaribu kuandika kijisanduku cha tano cha daladala yetu. Mimi nimejaribu jioni nzima. Kiti kikishuka kituoni, mchezo umeisha hovyo. Abiria akikikalia, umekuwa mchezo wa maumivu na umepoteza upole wake. Konda akigundua kwamba yeye mwenyewe ni meza, umetumia dawa ileile mara mbili. Gernhardt aliyechora Schnuffi ni huyohuyo aliyekuja kuhesabiwa miongoni mwa washairi wakubwa wa Kijerumani wa zama zake, bingwa wa soneti na vina, aliyeandika kwa uwazi kuhusu moyo wake na saratani iliyomuua mwaka 2006. Na watu wa kawaida hawakuikimbia kazi yake: yeye, Bernd Eilert na Peter Knorr ndio waliomwandikia mchekeshaji Otto Waalkes, ambaye filamu yake ya 1985 ilijaza majumba ya sinema nchini kote.

Sasa, ikiwa ubwege na tashtiti ni vitu viwili, kwa nini viliishi ndani ya jarida moja? Kwa sababu waliovifanya walikuwa watu walewale. Mwaka 1979 Gernhardt, Knorr, Waechter, Hans Traxler na Chlodwig Poth, waliokuwa wametokea Pardon, walianzisha Titanic. Kundi hilo lilikuja kuitwa Neue Frankfurter Schule, Shule Mpya ya Frankfurt, kwa kuiga jina la wanafalsafa waliokuwa fahari ya mji huo, akina Adorno na Horkheimer. Jina tu tayari lina mambo yote mawili: dongo kwa wasomi, na kucheza na neno kwa raha ya kucheza.

Jalada la Titanic la Novemba 1989, Ukuta wa Berlin ulipoanguka, linaonyesha mpaka huo ulivyo mwembamba. Binti anayetabasamu, aliyetambulishwa kuwa Gabi wa Mashariki, ameshika "ndizi yake ya kwanza". Mkononi ana tango lililomenywa kwa uangalifu kama ndizi, maganda yananing'inia pande zote. Ndizi zilikuwa adimu Ujerumani Mashariki, na Magharibi walilipenda sana jambo hilo kulisimulia. Jalada linamcheka nani: binti asiyejua ndizi, au watu wa Magharibi walioamini kwamba uhuru una umbo la ndizi? Hiyo ni tashtiti, tena kali, na wengi wa Mashariki iliwauma. Lakini ukifunika maandishi yote kwa kiganja, kinachobaki ni tango lililomenywa kama ndizi. Kicheche yuko hapohapo chini.

Nitaje kwa ufupi mambo mawili yanayochanganya watu kuhusu tashtiti yenyewe, kwa kuwa huulizwa sana. Mwandishi Kurt Tucholsky aliuliza mwaka 1919 tashtiti inaruhusiwa kufanya nini, akajibu: kila kitu. Wengi huitaja sentensi hiyo kana kwamba ni kifungu cha sheria. Si sheria. Katiba ya Ujerumani inalinda sanaa na pia inalinda utu wa mtu, na mahakama hupima kesi kwa kesi. Mwaka 2012 Papa Benedikto wa 16 alipata amri ya mahakama mjini Hamburg dhidi ya jalada moja la Titanic, kisha Vatikani yenyewe ikaliondoa ombi lake. La pili ni kuiona tashtiti kama uzushi. Mzushi anataka uendelee kuamini. Mwenye tashtiti anataka ugundue. Februari 2018 gazeti la Bild lilichapisha habari ya barua pepe zilizodaiwa kumhusisha mwanasiasa kijana wa chama cha SPD na Mrusi mmoja, halafu Titanic likajitokeza hadharani: barua tumezitunga sisi. Bila kujitokeza huko ungekuwa uongo kama uongo mwingine.

Kwa hiyo ukikutana na mchoro wa Kijerumani usioeleweka, kabla ya kuuliza unamsema nani, angalia ni kitu gani kimoja kimehamishwa mahali pake, kisha angalia vingine vyote vinavyojitahidi kuendelea kama kawaida. Mara nyingi utapata kicheko chako hapo, kwenye ile jitihada.

Frankfurt, kando ya mto Main, Hans Traxler ana kazi moja ambayo ningependa kila anayejifunza Kijerumani aione. Mwaka 2005 paliwekwa jiwe la mnara wa kumbukumbu, la aina ambayo juu yake husimama mfalme au jenerali. Limeandikwa neno moja, ICH, yaani "Mimi". Juu hakuna sanamu. Nyuma kuna ngazi. Watu wakipita hupanda, husimama wima, wengine hukunja mikono kifuani kama majenerali, mwenzao chini anapiga picha. Kisha wanashuka taratibu, wakiangalia pa kukanyaga, na anayefuata anapanda.